Mgeni Mezani pa Wamennonite: Uhakiki wa Ibada Mbili katika Nyanda za Juu za Kigoma

Mwanafunzi wa theolojia katika vyuo vyetu hukutana na Wamennonite kwa mara ya kwanza katika somo la Maungamo, na anapokutana nao huwa wamekwisha kuhukumiwa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lawataja Waanabaptisti, ambao Wamennonite ni wazao wao wa kiroho, katika vifungu vya 5, 9, 12, 16 na 17, na kila mahali huwataja ili kuyakataa mafundisho yao. Mwalimu hueleza sababu, mwanafunzi huandika katika daftari, mtihani hufanyika, na jambo hilo huishia hapo. Kisha mwanafunzi yule yule hupangiwa kazi Kibondo au Kasulu, ambako Walutheri ni wachache na mwendo kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ni mrefu, na siku moja huona kwamba mtu anayemletea kigoda na kumkaribisha katika nyumba ya ibada ni Mmennonite. Daftari lake halina la kumwambia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka jana tulikuwa wageni kwa Jumapili mbili, moja Kasulu na nyingine Kibondo, katika makusanyiko mawili madogo ya Kanisa la Mennonite Tanzania, na makala haya ndiyo jembe letu. Hatukusudii kusimulia safari wala kurudisha shukrani, ambazo tulikwisha kuzitoa kwa mdomo. Tunakusudia kuihakiki ibada ile kama theolojia inayotendwa, kwa maana kumsifu mwenyeji kwa kila kitu ni kumdharau kwa adabu. Uhakiki huu utatugeukia na sisi Walutheri, na msomaji ataona mbele kidogo kwamba aliyetulazimisha kuandika hasa ni mama mmoja asiye na cheo chochote katika kanisa lao wala letu.

Kwanza maneno machache juu ya wenyeji wetu. Kanisa hili halikuanzia Buha. Lilianzia Shirati, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1934, kwa wamisionari waliotumwa na Wamennonite wa Pennsylvania, Marekani, akiwamo Elam Stauffer na mkewe Elizabeth. Kutoka Shirati kazi ilienea Bukiroba, Mugango na sehemu nyingine za Mara. Mwaka 1942 moto wa Uamsho wa Afrika Mashariki uliwashika pale Shirati, wamisionari na wenyeji pamoja, na mwaka 1967 Zedekia Kisare aliwekwa wakfu kuwa askofu wao wa kwanza Mwafrika. Katika nyanda za juu za Kigoma wamekuja wakiwa wamechelewa, kama sisi. Waanglikana wana dayosisi yenye makao yake Kasulu tangu 1966; Wakatoliki wana Kabanga; Waadventista wana hospitali yao ya Heri. Katika makusanyiko yote mawili tuliyoyatembelea, kiini kilikuwa watu wa Mara walioletwa huku na kazi, yaani walimu, wauguzi na wafanyabiashara, na kuwazunguka majirani Waha waliovutwa na urafiki zaidi kuliko mafundisho. Mchungaji Mlutheri aliyewahi kulea mtaa mdogo mbali na makao ya dayosisi yake ataitambua sura hiyo mara moja.

Ibada ya Kasulu ilikuwa ya Jumapili ya kawaida. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma na bati, haina madhabahu, wala msalaba, wala kitambaa cha rangi ya majira ya kanisa. Mbele kuna meza na mimbari ya mbao, na mchungaji amevaa suti. Mlutheri aliyezoea liturgia huketi akingoja ibada ianze, na baada ya dakika ishirini hugundua kwamba ilikwisha kuanza zamani. Hakukuwa na maungamo ya dhambi yasomwayo kwa pamoja, hakukuwa na Imani ya Mitume, wala masomo matatu ya Jumapili kwa kufuata kalenda. Palikuwa na nyimbo nyingi, sala ndefu za papo kwa papo, na shuhuda.

Ni rahisi kwa mtu wa chuo kuhesabu yasiyokuwapo. Nasi twasema wazi kwamba baadhi ya hayo ni upungufu wa kweli. Kusanyiko lisilokiri imani kwa maneno yaliyopokewa na Kanisa lote huachwa mikononi mwa mhubiri wake. Akiwa mwema hulishwa, akiwa na jambo lake moja hulishwa jambo hilo mwaka mzima. Kalenda ya masomo humlazimisha mhubiri asome asichokipenda. Tulimweleza mwenyeji wetu hivyo, naye hakukana. Lakini juu ya maungamo ya dhambi hukumu yetu ni tofauti. Katika shuhuda, mzee mmoja alisimama akasema mbele ya wote kwamba alikuwa amemdhulumu jirani yake katika mpaka wa shamba la mihogo, akataja kipimo cha ardhi, na jirani mwenyewe alikuwa ameketi benchi la pili. Huo ndio urithi wa Uamsho, ambao ndugu wa Uamsho huuita kutembea nuruni. Maungamo yetu ya pamoja yana uzuri wake, kwa kuwa humfunika aliye dhaifu na kumpa maneno asiye nayo. Hata hivyo twaweza kuyasema miaka thelathini bila mpaka wa shamba lolote kusogea. Walutheri wa Kagera walioguswa na Uamsho ule ule wanalijua jambo hili. Askofu Josiah Kibira, aliyeliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984, alilelewa katika moto huo, wala haukumwondolea ulutheri wake.

Mahubiri ndiyo yaliyotusumbua. Neno lilikuwa kutoka Wagalatia 5, juu ya matendo ya mwili na tunda la Roho. Mhubiri alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na moyo wa kweli. Alikaa juu ya uasherati kwa muda mrefu, akaenda kwa uchawi, akamalizia kwa ulevi, na hapo akawa na mifano mingi kutoka vilabu vya pombe vya mahali pale. Msomaji na afungue orodha ya Mtume Paulo aitazame upya. Kati ya uchawi na ulevi yapo maneno mengi, na karibu yote yahusu uadui, ugomvi, hasira, fitina na mafarakano. Hayo mhubiri aliyapita kwa pumzi moja.

Mhubiri yeyote huruka mstari. Lakini huyu alikuwa Mmennonite, na alikuwa akihubiri Kasulu. Februari 1527, huko Schleitheim, Waanabaptisti waliandika kwamba upanga hauna nafasi katika ukamilifu wa Kristo. Michael Sattler, anayehesabiwa kuwa mwandishi mkuu wa maungamo yale, aliuawa kikatili mwaka huo huo. Kwa karibu miaka mia tano watu wake wamefukuzwa nchi hadi nchi, na sababu moja ni kwamba hawakukubali kuua. Na katika wilaya hii hii iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, mafuriko ya watu yaliingia Kibondo na Kasulu. Yakaja tena mwaka 2015. Waliokimbia walikuwa Wakristo kwa sehemu kubwa, na wengi wa waliowakimbiza walikuwa Wakristo vilevile, waliobatizwa, walioimba kwaya, waliopokea Meza ya Bwana. Kama kuna mahali duniani ambapo fundisho la Wamennonite juu ya upanga lingepaswa kunguruma kutoka mimbarini, ni hapa. Tulilisubiri, na halikuja.

Tunadhani sababu yake yajulikana. Wamennonite wa Tanzania walizaliwa mara mbili, Shirati 1934 na Shirati 1942, na kuzaliwa kwa pili ndiko kulikowapa lugha ya mimbarini. Uamsho uliwapa damu ya Yesu, toba, na ushirika uvukao kabila. Hayo si madogo. Lakini dhambi katika lugha ya Uamsho ina anwani ya mtu mmoja mmoja, nayo hukaa zaidi katika chupa na kitanda. Tulipomuuliza mhubiri kwa upole, baada ya chakula cha ugali wa muhogo na migebuka, alijibu kwamba mambo ya vita ni ya serikali na yahitaji tahadhari, hasa mbele ya wageni. Jibu hilo ni la Kilutheri kabisa! Katika kifungu cha 16 sisi tunakiri kwamba Mkristo aweza kushika madaraka ya nchi, kuapa, na kupigana vita vya haki bila dhambi, na wanaokataa hayo tunawapinga. Tulimkuta Mmennonite akiishi ndani ya kifungu kilichomhukumu babu yake.

Wala kanisa letu lisijifurahishe kwa hilo. Shirika letu la kuhudumia wakimbizi, TCRS, limefanya kazi nchini tangu 1964, likaandaa makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na baadaye likahudumu katika kambi za mkoa huu. Wakimbizi wamepata kwetu maji, miche na madarasa. Lakini ni nani amewahi kumsikia mchungaji wa Kilutheri akifundisha kifungu cha 16 katika hema la kambi, akieleza kwa nini vita fulani ni vya haki na fulani si vya haki, mbele ya watu waliovikimbia? Kifungu tusichoweza kukisoma mbele ya mkimbizi hatuna budi kukichunguza tena, au tukieleze vizuri zaidi.

Sasa twende Kibondo, ambako ibada ilikuwa ya Meza ya Bwana na kutawadhana miguu.

Meza yenyewe ilikuwa fupi na tulivu. Mkate ulimegwa, kikombe kikazungushwa katika vikombe vidogo, mchungaji akasoma maneno ya Paulo kwa Wakorintho. Mafundisho yao husema ni ukumbusho. Heshima tuliyoiona ilisema zaidi ya hapo, na si mara ya kwanza katika historia ya Kanisa kwa magoti kuwa na theolojia iliyo bora kuliko kinywa. Nasi tulikaribishwa. Mchungaji alitamka mbele ya kusanyiko kwamba mgeni wao ni mtumishi wa Mungu na ndugu, akatuletea mkate kwa mkono wake. Tuliupokea.

Ndipo mabenchi yalipogeuzwa yakatazamana, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Yaliletwa mabeseni ya plastiki, maji yaliyopashwa moto kidogo, na taulo. Kila mtu alimwinamia jirani yake, akamtawadha miguu, akaikausha, kisha akaketi naye akatawadhwa. Wakasimama, wakakumbatiana, wakatakiana amani. Kazi yote ilichukua kama nusu saa, na muda huo watu waliimba bila kitabu. Aliyetutawadha sisi ni fundi wa kufyatua matofali, mwenye vidole vilivyopasuka kwa udongo. Alikuwa mwangalifu sana kati ya vidole.

Watafsiri wa Biblia ya Muungano walifanya jambo la kuangaliwa walipochagua neno kutawadha katika Yohana 13. Kwa jirani zetu Waislamu neno hili ni la kujitakasa kabla ya sala, na mtu hutawadha mwenyewe. Katika Yohana mtu hutawadhwa na mwenzake, na Petro anapokataa huambiwa kwamba akikataa hana sehemu. Hapo theolojia yetu ya sakramenti hupata kazi. Tunafundisha kwamba sakramenti yahitaji agizo la Kristo, kitu cha kuonekana, na ahadi ya neema. Agizo liko wazi katika Yohana 13, wazi kama lile la Meza. Maji yapo. Tunachosema ni kwamba ahadi haipo, kwamba tendo hili ni mfano wa unyenyekevu tu. Lakini neno lile kwa Petro, juu ya kuwa na sehemu na Bwana, ni la nani ikiwa si la ahadi? Ambrosio wa Milano, katika karne ya 4, aliwatawadha miguu waliobatizwa, akautetea utaratibu huo huku akijua kwamba Roma haikuwa nao. Hatusemi kwamba Walutheri waongeze sakramenti ya tatu. Twasema kwamba hoja yetu ya kuikataa ni nyembamba kuliko tulivyofundishwa, na kwamba mwanafunzi atakayeandika tasnifu juu yake atakuwa na kazi ya kutosha.

Beseni lile lilitukumbusha jambo ambalo wachungaji wengi wa mitaa hawakulisikia. Mwezi wa Julai 2010, huko Stuttgart, Ujerumani, Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani uliomba msamaha kwa Mungu na kwa Wamennonite kwa ajili ya mateso ya karne ya 16 na kwa jinsi vitabu vyetu vilivyoendelea kuwachora vibaya. Mateso hayo hayakuwa ya Wakatoliki peke yao. Mwaka 1529 bunge la dola huko Speyer lilipitisha adhabu ya kifo kwa wabatizao upya, na watawala wa Kiinjili wakaikubali. Mwaka 1536 wanatheolojia wa Wittenberg, Luther akiwamo, walitia sahihi waraka uliohalalisha adhabu hiyo. Aliyepokea ombi letu Stuttgart kwa niaba ya Wamennonite wa dunia alikuwa Mwafrika, Askofu Danisa Ndlovu wa Zimbabwe, na zawadi yao kwetu ilikuwa beseni la mbao la kutawadhia miguu. Taarifa iliyoandaliwa na tume ya pande mbili kabla ya mkutano ule ilieleza kwamba hukumu nyingi za Augsburg hazikuwahusu Wamennonite kamwe. Yaliyobaki ya kujadiliwa kwa kweli ni mawili: utawala wa nchi, kifungu cha 16, na ubatizo, kifungu cha 9. Kanisa letu ni mwanachama wa Fungamano. Kwa hiyo mchungaji wa KKKT aliyeapa kwa Ungamo la Augsburg amefungwa pia na toba ya Stuttgart, na asome vyote viwili pamoja.

La kwanza tumekwisha kuligusa. La pili lilikuwa limeketi benchi la nyuma.

Mama huyu alizaliwa Kagera, akabatizwa mtoto mchanga katika usharika wa Kilutheri, akapata kipaimara, akaolewa Kibondo. Hakuna usharika wetu karibu naye. Kwa miaka mingi ameabudu na Wamennonite, huimba katika kwaya yao na hufagia nyumba yao ya ibada kila Jumamosi. Lakini siku ya Meza mkate humpita, kwa sababu hajabatizwa kwa hesabu yao. Ameambiwa, kwa upole na mara nyingi, kwamba mlango uko wazi: aingie katika mafundisho, akiri imani, abatizwe. Yeye huogopa. Mdogo wake huko kwao aliwahi kubatizwa tena katika kanisa jingine, na wazee wa usharika wakamweka chini ya nidhamu. Haya yote alitueleza baada ya ibada, huku akikausha mabeseni.

Hapo ndipo tulipouona ufa katika ukarimu wa wenyeji wetu. Sisi pia tulibatizwa tukiwa wachanga. Kwa hesabu yao hatujabatizwa, kama yeye. Sisi tulipewa mkate, yeye alinyimwa. Tofauti kati yetu naye haikuwa imani wala ubatizo; ilikuwa kola nyeupe shingoni. Kanisa lililokataa kuinama mbele ya vyeo kwa karne tano, lililokataa hata kuapa mbele ya hakimu, liliinama mbele ya cheo cha mgeni. Na ajabu zaidi, mama yule alitawadhwa miguu. Katika tendo hilo hawamzuii. Ana sehemu katika beseni, hana sehemu katika mkate, na hatujaona kifungu cha Maandiko kitakachoeleza mpangilio huo.

Tulimweleza mchungaji mwenyeji mambo haya kwa uwazi, kwa kuwa yeye ni mtu wa kuelezwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba Mchungaji, mimi nakubali juu ya kola. Lakini nikuulize. Watoto wenu mnawabatiza wakiwa wachanga, mbona hamwapi Meza hadi kipaimara? Miaka kumi na minne mnangoja imani, kama sisi. Sisi tunangoja kwanza kisha tunabatiza. Ninyi mnabatiza kisha mnangoja. Na huyu mama, tangu aje huku, ni mchungaji gani wa Kilutheri amemlisha?"

Swali la kwanza lina uzito, na tusilikimbie kwa kusema kwamba kipaimara si sakramenti. Katika mitaa yetu mingi kipaimara kimekuwa ndicho lango halisi. Mzazi huchinja mbuzi siku hiyo kuliko siku ya ubatizo, na kijana hudhani hapo ndipo alipoingia kanisani. Kwa desturi hiyo tumewapa Wamennonite nusu ya hoja yao bila kujua. Lakini nusu si nzima. Sisi tunakiri kwamba katika ubatizo Mungu ndiye atendaye, kwamba ahadi katika Matendo 2 yawahusu na watoto, na kwamba hakuna mahali ambapo injili huonekana wazi kuliko pale ambapo kiumbe kisichoweza kusema neno lolote hupewa kila kitu. Imani itakuja kuipokea zawadi, itaipoteza, itairudia. Zawadi yenyewe haitangui. Kumbatiza mama huyu sasa ni kumwambia kwamba siku ile Kagera Mungu hakusema naye. Wenyeji wetu, kwa haki, hawalikubali neno kubatiza upya. Kwao huu ungekuwa ubatizo wake wa kwanza na wa pekee. Ndiyo maana mgogoro huu hauponi kwa kukumbatiana. Mazungumzo ya pande tatu, Walutheri, Wakatoliki na Wamennonite, yalifanyika juu ya ubatizo tangu 2012 hadi 2017, na taarifa yake ilitolewa mwaka 2020. Yalisogeza mengi, na tofauti hii bado ipo.

Lakini swali la pili la mchungaji yule halikuhitaji tume. Sisi tunaoweka chini ya nidhamu Mlutheri aliyebatizwa tena tungepaswa kwanza kuuliza ni lini mara ya mwisho mchungaji alifika nyumbani kwake. Adhabu ya kondoo aliyenyweshwa na jirani, hali mchungaji wake hakuonekana kisimani, si nidhamu ya kanisa.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo kwa dayosisi zenye watu wake Kigoma, na kwa wanafunzi watakaopelekwa huko. Mlutheri asiye na usharika karibu na aabudu na Wamennonite bila hofu, ale nao akikaribishwa, atawadhwe na atawadhe. Asibatizwe tena. Badala yake apewe barua ya mchungaji wake, yenye tarehe ya ubatizo na ya kipaimara, nasi tuwaombe wenyeji wetu wamsikilize akikiri imani yake mbele ya kusanyiko kwa kinywa chake mwenyewe, kisha wampe mkate. Yako makusanyiko ya Wamennonite katika nchi nyingine yanayowapokea watu waliobatizwa wachanga kwa njia hiyo, bila maji mengine. Hatuwaombi Wamennonite wa Kibondo jambo ambalo halijapata kutendwa na ndugu zao. Kwa upande wetu, mtu akibatizwa tena kwa sababu ya njaa, asitengwe. Atembelewe. Na anayepeleka mwinjilisti Kibondo ahakikishe kwamba ana pikipiki na mafuta, maana theolojia ya mapendekezo haya imesimama juu ya magurudumu mawili.

Mchungaji wa Kibondo alisema atalipeleka jambo la barua kwa askofu wake. Sisi tumeandika Kagera kuomba cheti cha mama yule, na cheti kimepatikana. Kwa sasa, siku ya Meza, bado huketi nyuma, na baada ya ibada hubaki kukausha mabeseni.